Mzee wa Ghala Anajibu: Chupa ya Dodoma, Joto la Dar

Mwezi uliopita niligusia mvinyo wa nyumbani kwa mistari miwili tu, tena kwa kupita, na barua zikamiminika. Basi leo ukurasa wote ni wa zabibu. Kwa msomaji mgeni: nilitunza ghala la vinywaji Barabara ya Nyerere kwa miaka 22, tangu wengi wakiiita bado Pugu Road, na nimezaliwa Mpunguzi, njia ya Iringa ukitoka Dodoma mjini. Ukiona naegemea upande, ujue kitovu changu kimezikwa huko.

Shikamoo Mzee wa Ghala. Juzi tulikuwa na kipaimara cha binti yangu. Nikaona nisinunue mvinyo wa Afrika Kusini kama kila mtu, nikachukua katoni mbili za mwekundu wa Dodoma. Wageni walionja wakakunja uso. Shemeji yangu akatangaza mbele za watu kwamba umechacha, akaagiza soda akauchanganya. Nimebaki na chupa saba. Je, umeharibika kweli?
*Mama wa Tabata Segerea*

Marahaba, mama, na hongera kwa kipaimara. Shemeji tutamfikia.

Fungua chupa moja kati ya hizo saba, mimina kidogo kwenye glasi kavu isiyonuka sabuni, na unuse kabla hujaonja. Ukikutana na harufu ya siki, au ile ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, hiyo imekwenda: bakteria wa siki wamepata hewa wakageuza kilevi kuwa asidi. Lainishia nyama. Lakini ukinusa matunda, halafu ukionja ulimi unakauka na fizi zinabana kama umetafuna bibo, hapo hakuna kilichoharibika. Mbano huo ni tanini, nayo hutoka kwenye maganda na mbegu, kwa sababu mvinyo mwekundu huchachushwa pamoja na maganda yake. Mweupe hukamuliwa kwanza, maganda yakawekwa pembeni, ndiyo maana haubani.

Sasa shemeji. Mvinyo wote duniani umechacha, mama, usingechacha ungekuwa juisi. Hamira hula sukari ya zabibu na kutoa kilevi. Kila gramu 17 hivi za sukari katika lita moja huzaa asilimia moja ya kilevi. Hamira ikimaliza sukari yote, kinachobaki ndicho tunachokiita mvinyo mkavu, wauzaji wanasema drai. Ikikatizwa njiani, au mvinyo ukitiwa utamu baadaye, unapata ule ambao wageni wako wameuzoea kwenye sherehe. Wewe ulinunua mkavu ukawapa watu waliokuwa wanasubiri mtamu. Ni kama kumwekea mtu chai ya rangi bila sukari huku anajua anakuja kunywa ya maziwa. Siku nyingine usiishie kusoma jina kubwa lililo mbele, soma na maandishi madogo: yatakuambia ni mkavu, nusu mtamu au mtamu.

Ila nina shaka ya pili. Katoni zilikaa wapi tangu asubuhi? Nahisi uani, chini ya turubai, zimepangwa na kreti za soda. Soda iliingizwa kwenye pipa la barafu, mvinyo ukaachwa kwa kuwa "mwekundu hauwekwi kwenye friji". Kanuni hiyo ya kunywa mwekundu kwa joto la chumba ilitungwa Ulaya, na chumba chenyewe kilikuwa na nyuzi 18. Sebule ya Segerea haina nyuzi hizo hata saa kumi alfajiri. Mvinyo mwekundu ukiunywa kwenye nyuzi 30, kilevi kinakupiga puani kwanza na matunda yanajificha, hata ungekuwa umetengenezwa na malaika.

Joto nimelilipia mimi mwenyewe. Februari moja nilipokea katoni 40 mchana, ghala limejaa hadi mlangoni. Nikazipandisha juu kabisa, karibu na bati, nikasema kesho nitazishusha. Kesho hiyo ikaja kuwa Jumatatu ya wiki iliyofuata. Nilipopanda ngazi nilikuta vizibo vimesukumwa nje kama ulimi wa mbuzi wa supu, michirizi ya rangi ya damu imekaukia shingoni mwa chupa, na sisimizi wamepanga foleni. Nilifungua moja. Ilikuwa na ladha ya zabibu zilizopikwa na kuunguzwa. Tajiri alinikata mshahara miezi mitatu na sikuwa na la kujitetea. Toka siku hiyo, mvinyo ukishuka kwenye lori kwangu unalala sakafuni, ukuta wa mashariki, mbali na bati.

Chupa saba ulizonazo, kama zina kizibo cha kuchomoa, zilaze chini ya kitanda katika chumba kisichopigwa na jua la jioni. Ukitaka kunywa, weka moja kwenye friji dakika 40, ukae nayo na mishkaki au nyama ya kuchoma yenye mafuta mafuta. Mafuta ya nyama na ule mbano vinasikilizana. Shemeji mwachie soda yake.

Mzee, dompo ni mvinyo au pombe kali? Nikinywa glasi mbili kichwa kinauma kuliko bia tatu.
*Dereva wa bajaji, Sinza*

Ni mvinyo, lakini wa kundi la wenye nguvu na utamu. Mvinyo wa kawaida una kilevi cha asilimia 11 hadi 14. Hao wenzake wa kundi hilo huanzia 15 na kupanda, na kwa kawaida hufikishwa huko kwa kuongezewa spiriti. Sasa piga hesabu. Najua glasi zako, ni zile za chai. Mililita 250 mara mbili, tuseme kwa asilimia 16, ni mililita 80 za kilevi kitupu. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina mililita 25. Kwa hiyo glasi zako mbili zimeshazipita bia tatu, tena bila tumbo kukuonya, maana sukari inafunika. Anza na glasi ndogo, maji pembeni. Na bajaji iache imefungwa, ufunguo apewe mama watoto.

Mzee wa Ghala, tusaidie kumaliza ubishi. Baba mkwe wangu anasema Dodoma ni jangwa la joto, mzabibu unataka baridi, na ndiyo maana Afrika Kusini watatushinda milele. Mimi nasema ni kasumba tu. Nani yuko sawa?
*Mkwe mtiifu, Kimara Temboni*

Mkwe wako ana nusu ya ukweli, mpe heshima yake kwa hiyo nusu.

Ni kweli kwamba mashamba mengi ya mvinyo duniani yako kati ya nyuzi 30 na 50, kaskazini au kusini mwa Ikweta. Stellenbosch, mji wa mvinyo wa Afrika Kusini, uko karibu na nyuzi 34 kusini. Kule mzabibu hupukutisha majani na kulala wakati wa baridi, huamka Septemba, na huvunwa mara moja kwa mwaka, kati ya Januari na Aprili. Na wamelianza jambo hilo zamani: Mholanzi Jan van Riebeeck alipanda mizabibu Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1655, na tarehe 2 Februari 1659 akaandika katika kumbukumbu zake kwamba zabibu zimekamuliwa kwa mara ya kwanza. Ukishindana na mtu aliyekutangulia miaka mia tatu, usishangae akikupita kona ya kwanza.

Dodoma iko nyuzi 6 tu kusini mwa Ikweta. Kwa ramani, mkwe ameshinda. Lakini ramani haionyeshi mwinuko. Mji uko kama mita 1,100 juu ya bahari, na asiyeamini alale Mpunguzi usiku wa mwezi wa saba bila blanketi. Mvua zetu ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima hazifiki mbali ya milimita 600. Baada ya hapo, tangu Mei hadi Novemba, ni jua, upepo na vumbi. Ukame huo mkwe anauona ni aibu. Kwa zabibu ni dawa, kwa sababu adui mkubwa wa mzabibu ni ukungu wa majani, nao hupenda unyevu.

Sasa kuna kitu Stellenbosch hawanacho. Kwa kuwa hakuna baridi ya kuulaza mzabibu, anayeulaza na kuuamsha ni mkulima mwenyewe, kwa mkasi. Unapogoa, machipukizi yanatoka, maua, vichala, na kama miezi minne baadaye unavuna. Unapogoa tena. Kwa hiyo Dodoma tunavuna mara mbili: karibu na Machi, na tena Agosti hadi Septemba. Si uchawi wetu peke yetu. Bonde la mto São Francisco, kaskazini mashariki mwa Brazil, liko nyuzi 9 kusini na wanafanya vivyo hivyo kwa maji ya kumwagilia.

Mavuno hayo mawili hayafanani, na hapa ndipo wanywaji wa Dar wengi wanapopotea. Zabibu za Machi zimekulia mvuani: zimenyonya maji, sukari imepungua makali, na mkulima amepiga dawa ya ukungu mpaka mgongo unauma. Za Agosti zimekulia kavu, punje ndogo, ganda nene, sukari imejikusanya. Nikiwa mdogo, bibi yangu alikuwa akizitofautisha kwa vidole tu, bila kuonja: aliziminya, ya Machi ikaruka maji, ya Agosti ikabaki inanata. Lakini chupa ikifika dukani Mikocheni, hakuna mahali palipoandikwa ni ya mavuno gani.

Wala hakuna mahali palipoandikwa imetoka wapi hasa. Wenzetu wa Kusini wana sheria ya asili ya mvinyo tangu mwaka 1973. Chupa ikisema Stellenbosch, Paarl, Robertson au Swartland, zabibu zimetoka huko, na mnywaji amejifunza kuchagua kama anavyochagua mchele wa Kyela au wa Mbeya. Sisi tunaandika "Dodoma" basi, kana kwamba Dodoma ni shamba moja. Si shamba moja. Kuna Hombolo upande wa bwawa, ambako kiwanda cha CETAWICO kilikuja na mbegu za Kiitaliano kama Aglianico na Teroldego. Kuna Makutupora na Veyula upande wa kaskazini, na Makutupora ndiyo yenye kituo cha utafiti wa zabibu, sasa chini ya TARI, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, na ndiyo iliyotoa jina kwa zabibu yetu nyekundu maarufu. Kuna Chinangali wilayani Chamwino, kwenye lile shamba la pamoja la umwagiliaji. Kuna Mvumi na Handali. Kuna kwetu Mpunguzi na jirani zetu Bihawana na Matumbulu, udongo mwekundu wa kichanga unaoingia mpaka kwenye soksi. Chenin Blanc, ile zabibu nyeupe, ya mahali pamoja hailingani na ya mahali pengine, na mimi naiona hii kuwa hasara kubwa kuliko joto lote la mkwe wako.

Nikitaja Bihawana nimekumbuka. Mkwe kama ni Mkatoliki, mwambie mizabibu Dodoma ililetwa na wamisionari wa Kiitaliano, na Bihawana ni misheni. Kanisa linadai divai ya misa itokane na zabibu halisi, si rosela wala ndizi, na kuisafirisha kutoka Ulaya ilikuwa mzigo. Ndiyo maana mpaka leo kinywaji kimoja kina majina matatu: altareni ni divai, vitabuni ni mvinyo, baa ni waini.

Ubishi wenyewe umalizeni hivi. Nunueni Chenin Blanc mkavu wa Dodoma na Chenin Blanc mkavu wa Afrika Kusini wa bei inayokaribiana. Hiyo ndiyo zabibu inayoongoza kwa kupandwa kwao, kwa hiyo hamtakuwa mmewaonea. Zote mbili zilale kwenye friji usiku mmoja. Asubuhi mtume mtu Feri akanunue changu wawili, wakaangwe na ndimu na chumvi tu, bila mbwembwe za viungo. Chupa zifungeni magazeti hadi shingoni, mke wako ndiye amimine. Mimi nimelifanya jaribio hili mara tatu kwangu Tabata na matokeo siyatangazi, kwa sababu mara ya pili nilishindwa.

Assalamu alaikum Mzee. Mimi sinywi, nakula zabibu tu, lakini kila ninunuapo ndoo stendi Dodoma nachoka kutema mbegu. Mbona zile za kwenye boksi dukani hazina mbegu? Na kwa nini zabibu kavu za biriani bado tunaletewa kutoka nje wakati zabibu tunazo?
*Bi Mkubwa wa Magomeni Mapipa*

Waalaikumu salaam, Bi Mkubwa. Jina la mtaa wako lilitakiwa kuwa la kwangu.

Zabibu unazonunua stendi nyingi ni za mvinyo. Mtengeneza mvinyo anataka ganda nene, mbegu, punje ndogo na maji makali, maana rangi, mbano na harufu vimekaa huko pembezoni mwa punje. Wewe wa kula unataka kinyume: punje kubwa, ganda jembamba, ndani nyama tupu. Hiyo ni mizabibu ya ukoo mwingine. Zabibu kavu nazo hutengenezwa zaidi na zile zisizo na mbegu, kama Sultana. Ukikausha za kwetu utapata kijiwe ndani ya kila punje, na mgeni wako wa biriani ataondoka na jino mkononi. Isitoshe, kilo nne za zabibu mbichi hukauka zikawa kilo moja hivi, kwa hiyo mkulima wa kwetu anaona afadhali auze mbichi apate pesa leo.

Ndoo ukifika nayo nyumbani usiioshe yote. Chambua zilizopasuka uzitoe, nyingine ziingie kwenye friji kavu, na uoshe zile unazokula saa hiyo.

Shikamoo Mzee. Nina miaka 31, nafanya kazi ya kompyuta maeneo ya Posta. Nimeingizwa kwenye kundi la WhatsApp linalouza mashamba ya zabibu Dodoma, ekari moja moja, tayari yamepandwa. Wanasema wao watakutunzia, wewe unakaa Dar, kila mavuno unatumiwa pesa kwenye simu. Wametuma picha nzuri sana. Nimeshalipa kianzio cha ekari mbili. Unanishauri nini?
*Kijana wa Kigamboni*

Marahaba, mwanangu. Barua hii ungeiandika kabla ya kianzio tungecheka pamoja.

Nikusimulie ya kwangu. Baba alipofariki niliachiwa nusu ekari ya zabibu nyekundu Mpunguzi. Mimi niko Dar na ghala langu, nikamwachia dada yangu asimamie, nikawa natuma pesa ya dawa, ya nguzo na ya vibarua. Mwaka wa tatu zilizaa hadi waya ukalegea. Akaja mnunuzi wa kiwanda kimoja na kile kidude cha kupimia sukari, akakamulia tone juu ya kioo, akaangalia juani, akasema nyuzi 21, safi kabisa, Alhamisi naleta gari. Dada akanipigia simu anaimba. Alhamisi gari halikuja. Ijumaa simu ya mnunuzi inaita tu. Jumatatu akapokea: mama, matangi yamejaa, tuvumilie. Zabibu haina subira ya namna hiyo, bwana. Ikishaiva ni siku chache, punje zinaanza kunyauka na kupasuka, nyuki wanahamia, ndege wanakula kuanzia juu na nyigu kuanzia chini. Dada alivuna na watoto usiku kwa tochi, akapeleka ndoo kwa ndoo stendi. Katika kilo kama 900 aliuza labda theluthi. Zilizobaki walikula nguruwe wa jirani, na wale nguruwe, naambiwa, walilala siku mbili.

Kwa hiyo mtu akikuambia ekari inatoa tani ngapi, mwache amalize, halafu muulize: nani ananunua, kwa mkataba upi, na ataleta gari tarehe ngapi? Dodoma wakulima wengi wanajua kuzalisha zabibu, ila wanakwama kwenye tangi. Viwanda vina nafasi yake, ikijaa imejaa, na mavuno ya wote yanaiva wiki zile zile. Serikali imejaribu kuwavuta wenye viwanda kupitia ushuru, kwamba mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za ndani unatozwa kidogo kuliko ule mwingine, na hilo limesaidia. Lakini ushuru haujengi tangi kwa usiku mmoja.

Wapo wakulima waliochoka kusubiri, wakaanza kukamua wenyewe na kuuza mchuzi wa zabibu badala ya zabibu. Usicheke, mchuzi ndilo neno la kazi. Ukiwa na mchuzi hukimbizani tena na nyigu, unaweza kusubiri bei. Ila mchuzi nao unataka usafi kuliko jiko la hospitali, na chombo kilichozibwa vizuri kisichopigwa na jua. Nimeona mtu ameweka mchuzi kwenye simtanki nyeusi uani kwake, kifuniko kimewekewa jiwe. Baada ya wiki tatu alikuwa na lita elfu moja za siki.

Sasa ekari zako mbili. Jumamosi hii panda treni ya SGR ya asubuhi, ni safari ya kama masaa matatu na nusu tu mpaka Dodoma, hata mtu wa kompyuta hana kisingizio. Usikubali kupokelewa stesheni na mtu wa kundi. Nenda kwanza ofisi ya kijiji peke yako, uliza shamba hilo ni la nani na kama kijiji kinamtambua muuzaji. Ndipo uende shambani.

Ukifika, tikisa nguzo. Mchwa wa Dodoma wanakula nguzo kwa ndani na kuacha ganda limesimama kama askari wa gwaride. Ukiisukuma kwa mkono mmoja ikalala, ujue gharama ya nguzo mpya ni yako. Kisha omba maji ya kisima wanachomwagilia, yaonje. Sehemu nyingi za kwetu maji ya chini yana chumvi, na mzabibu ukinyweshwa chumvi miaka miwili majani yanaungua pembeni kama karatasi iliyopitishwa juu ya mshumaa. Hesabu miche pia, usione aibu. Kwa nafasi ya mita 3 kwa mita 2, kama nilivyopanda mimi, ekari inachukua miche 670 hivi. Ukikuta 300, umeuziwa nusu ekari na vichaka. Uliza ni zabibu gani. Akikujibu "nyekundu", muulize nyekundu ipi: Makutupora, Syrah, Cabernet? Anayekutunzia shamba lazima ajue, la sivyo atamwambia nini mnunuzi?

Na uliza nani anaishi pale. Simaanishi msimamizi aliyeko mjini anayekuja na pikipiki Jumapili. Kupogoa kuna siku zake, na ukipitisha wiki mbili umesogeza mavuno hadi matangi yamejaa. Ukungu ukiingia Januari unatakiwa kuonwa leo na kupigwa dawa leo. Mimi nilikuwa na dada yangu wa tumbo moja na bado nililia. Kama unalipenda jambo hili kweli, anza na robo ekari karibu na mkulima aliyezoea, kupitia ushirika wa hapo kijijini, na ujipange kungoja mwaka wa pili au wa tatu ndipo uone mavuno ya maana.

Kabla hujakata tiketi, leo usiku waandikie kwenye kundi swali moja tu: shamba langu limepogolewa tarehe ngapi mara ya mwisho? Wakikutajia tarehe, hesabu miezi minne mbele, hiyo ndiyo wiki ya mavuno, na uwe umesimama pale. Wakikujibu "wiki iliyopita", irudie ile picha yao nzuri sana uitazame vizuri. Mzabibu uliopogolewa wiki iliyopita ni kijiti kikavu. Kama kwenye picha kuna vichala vimeiva, hilo si shamba lako.